Sista na Karatasi za Malindi

Kama uliwahi kupita kituo cha afya cha Garsen miaka ile baada ya mafuriko makubwa, ukasikia mwanamke anacheka mpaka wagonjwa wa malaria wanajiinua vitandani kutazama kuna nini, basi Sista unamjua. Alizaliwa wapi na ni wa ukoo gani siwezi kukwambia. Mimi niliyemwendesha kwenye Landrova ya kituo miaka yote ile sikuwahi kujua, na siku niliyomwuliza aliniambia niangalie barabara. Alikuwa muuguzi wa maradhi ya akili, hakuna mwingine upande wetu wa mto, na mimi nilikuwa dereva wake, mkalimani wake, na kwa maneno yake mwenyewe, mzigo wake.

Alikuwa mfupi, mpana, na kofia yake nyeupe haikukaa sawa kichwani hata siku moja. Alitembea kwa haraka kama mtu aliyeacha kitu jikoni. Alizungumza akitafuna, alitafuna akicheka, na aliweza kulala ndani ya Landrova inayorukaruka kwenye tope jeusi la bonde letu, halafu akaamka na kuendelea na sentensi ileile aliyoiacha.

Watu walimpenda kwa neno moja. Kwetu mgonjwa wa akili haji kituoni peke yake. Anakuja na mama, mjomba, shangazi, jirani na mtu mwingine ambaye hakuna anayejua amefuata nini, na wote wanaeleza, isipokuwa mgonjwa. Sista aliwaacha waeleze mpaka wakaukiwe na mate. Kisha aliwauliza kwa upole kabisa, "Na huyu, mdomo anao?"

"Anao, Sista."

"Unafanya kazi?"

"Unafanya."

"Haya, mpisheni."

Hapo alivuta kigoda chake mpaka magoti yake yakagusana na ya mgonjwa, akainama na kuuliza, "Wewe mwenyewe, unataka nini?"

Nilizoea kuangalia nyuso zao wakati huo. Wengi waligeuka nyuma kwanza, wakidhani anayeulizwa yuko mlangoni. Wengine walicheka. Mama mmoja wa Golbanti alilia kidogo, akajifuta kwa leso, akasema anataka watu wasinyamaze kila anapoingia nyumbani kwa mtu. Sista hakumwambia "usijali". Alimwuliza nyumba gani, akapanda gari, na siku hiyohiyo tukazizunguka nyumba hizo zote kunywa chai pamoja na huyo mama. Mpaka leo nikinusa iliki tumbo linanijaa.

Kuna mzee mmoja Muorma aliletwa na mkewe kwa sababu alikuwa halali, anazunguka boma mpaka alfajiri. Sista akavuta kigoda. Mzee akaulizwa anataka nini. Akafikiri vizuri, akasema, "Mimi nataka bibi mpya."

Mimi nilitaka kutoka nje. Mkewe alikuwa amekaa palepale, ubavu kwa ubavu, na bakora ya mzee alikuwa ameishika yeye. Sista akaandika. "Bibi mpya. Na wewe mama, unataka nini?"

"Andika na mimi," mama akasema. "Mume mpya. Lakini hiyo mpya iwe na usingizi."

Mzee akamtazama mkewe kama anayemwona siku hiyo kwa mara ya kwanza, akaanza kucheka, mama naye akacheka, na Sista ndiye akawashinda wote. Wakaondoka na dawa na maagizo, na walipofika getini walikuwa bado wanasukumana mabega.

Sasa usije ukafikiri mtu anayewauliza wagonjwa wanataka nini alikuwa hivyohivyo kwa sisi tuliobaki. Hasha. Sisi wazima alitutawala. Chai ya kituo ilitiwa sukari kwa kipimo chake, na asiyependa aliambiwa akanywe ya mto. Ndani ya Landrova alipanga nani akae wapi, na mgonjwa peke yake ndiye aliyeruhusiwa kuchagua kiti, hata kama alichagua cha Sista. Mganga mkuu wa kituo, mtu mzito anayeheshimika, niliwahi kumwona akihamishwa nyuma na mfuko wake wa sukuma wiki kwa sababu binti mmoja mgonjwa alitaka dirisha. Siku moja nilijitia ujasiri.

"Sista, mbona mimi huniulizi ninataka nini?"

"Wewe si mgonjwa, wewe ni dereva. Pinda kushoto."

Na alikuwa na hofu moja, ambayo yeye aliiita mzio. Mwanamume mwenye panga mkononi, anayepiga kelele kwamba serikali imeingia kwenye meno yake, Sista alimwendea akimsalimia na kumwuliza amekula nini. Lakini chura! Baada ya mafuriko Garsen nzima ilikuwa vyura, kwenye viatu, kwenye mizani ya watoto, kwenye birika. Akimwona mmoja tu alipanda juu ya kitu kilicho karibu, kiwe meza au boneti, na hakushuka mpaka nimthibitishie kwa kiapo kwamba ameondoka. Nilijifunza kuapa haraka.

Hizo karatasi za Malindi zilianza hivi. Tulikuwa tunaenda Malindi kuchukua dawa, tukisafiri kwa msafara wenye polisi mbele na nyuma kwa sababu ya majambazi wa barabarani, na Sista njia nzima akiimba nyimbo za kanisani kwa sauti ambayo nadhani ndiyo iliyowafukuza majambazi. Huko Malindi, nyuma ya duka la kuuzia watalii miwani ya jua, palikuwa na chumba chenye feni na kompyuta zilizounganishwa na simu. Watu walikiita mtandao. Sista alisikia habari zake kwenye semina Mombasa, akaambiwa kwamba ndani ya mtandao wauguzi wa nchi nyingine wameweka maandishi ya kazi yake na mtu yeyote anaruhusiwa kusoma. Hakuamini. Akaamini. Akanikamata mkono, tukaingia.

Jamani, ule ukurasa wa kwanza! Ulishuka kutoka juu, mstari kwa mstari, kama mtu mwenye aibu anayevuliwa kanzu. Ilikuwa picha ya watu waliokaa kuzunguka meza. Tulipata nywele zao kwanza, tukangoja. Tukapata mapaji ya uso. Sista alikuwa ameshika ukingo wa meza.

"Macho yanakuja," akaniambia.

Macho yakaja. Kisha simu ikakatika, ukurasa ukaganda hapohapo kwenye macho, na kijana wa duka akasema inabidi tuanze upya. Tukaanza upya. Tulipofika kwenye midomo na kuona wote wanatabasamu, Sista alipiga makofi, na Mtaliano mmoja aliyekuwa pembeni naye akapiga, sijui kwa nini.

Akachapisha kurasa nyingi kadiri walivyomruhusu. Mashine ile ilikuwa inakata upande wa kulia, kwa hiyo kila mstari ulikosa mwisho wake, na Sista akawa anaumalizia mwenyewe kwa penseli bila kusita. Nikamwuliza atajuaje walichosema. Akasema wale ni wauguzi na yeye ni muuguzi, watamwambia nini kipya? Lakini walimwambia. Njia ya kurudi hakuimba. Alisoma, akatafsiri kwa sauti ili na mimi nipate, na kila baada ya muda alinipiga bega.

"Dereva, sikiliza. Wanasema mpango wa matibabu haupangwi na muuguzi. Unamweka mtu katikati."

"Katikati ya nini?"

"Ya maisha yake."

"Kwani sasa hivi yuko wapi?"

Akazikunja karatasi. Kisha akasema, "Komora yuko pembeni, na kamba mguuni."

Komora alikuwa kijana wa Idsowe, Mpokomo, mkulima kama ndugu zake, na alikuwa anasikia watu wasioonekana wakimsema, naye akiwajibu kwa sauti kuu. Wakati wa mafuriko, walipokimbilia kwenye kichuguu cha ardhi kilichobaki, watu wale walimwita kutoka majini, na alikuwa ameshaanza kuwaendea. Kaka yake mkubwa, Hiribae, ndiye aliyemkamata. Akamfunga kamba mguuni, na ncha ya pili akaifunga kiunoni mwake mwenyewe, wakakaa hivyo, wakala hivyo, wakalala hivyo, mpaka maji yakapungua. Halafu ncha ile ikatoka kiunoni mwa Hiribae ikahamia kwenye nguzo ya nyumba, na hapo ikabaki, hata nyumba ilipojengwa upya.

Sista alikuwa anamchoma Komora sindano kila mwezi, na sauti zile zilikuwa zimepungua, ingawa hazikwisha. Lakini kamba! Alimsihi Hiribae, alimgombeza, alimpelekea mhubiri. Hiribae alikuwa na jibu moja: "Mto uko pale, Sista. Unauona?" Na mto ulikuwa pale kweli, na mamba wake. Mganga mkuu naye alimwonya Sista kwamba akimfungua mtu huyo na mtu huyo akaingia mtoni, yeye ndiye atakayekwenda kuieleza familia. Nilijua jambo hilo linamkera kuliko mengine yote, kwa sababu tukitoka Idsowe alikuwa hali.

Kwa hiyo tulipofika na karatasi, alimwendea Komora moja kwa moja, akamweleza. Tutafanya mkutano wa mpango wako. Wewe ndiye unayealika. Wewe ndiye unayechagua mahali na chakula. Usiyemtaka haji.

Komora alikuwa mrefu, mkimya pale ambapo hajibu sauti zake, na mchaguzi kuliko bibi harusi. Mahali alisema ni kivulini pembeni ya jiko, kwa kuwa kamba inafika hapo. Chakula ni wali na kambare wa kukaanga. Akamwalika Hawo, mama wa Kiorma aliyepita Idsowe kila asubuhi akiuza maziwa, kwa sababu Hawo humsalimia na kungoja jibu. Akanialika mimi, kwa sababu napiga honi vizuri. Akamwalika Sista.

"Lakini asizungumze sana," akaniambia mimi, kana kwamba Sista hayupo.

Hiribae hakualikwa.

Hiribae alipopata habari alikuja na kofia mkononi. "Sista, na heshima zako zote. Nyumba ni yangu, mchele ni wa shamba langu, mgonjwa ni ndugu yangu tumbo moja, na mkutano mimi simo?"

"Karatasi inasema mwenyewe ndiye anayealika."

"Hiyo karatasi imetoka wapi?"

"Malindi."

"Basi Malindi wafanye mkutano wao," akasema, akavaa kofia yake.

Siku ikafika, tukakaa kwenye mkeka. Tukala wali, tukala kambare, na ulikuwa wali wa kumfanya mtu asahau jina lake. Tukanawa. Sista akazitoa karatasi kwenye mfuko wa nailoni, akakohoa kidogo, akavuta kigoda, akauliza swali lake kwa sauti ya ibada.

"Komora, wewe mwenyewe, unataka nini?"

Komora akautazama mwiba wa samaki.

Sista akangoja. Akamgeukia Hawo. "Hawo, wewe ni rafiki yake. Unaonaje?"

"Leo maziwa iko mzuri," Hawo akasema, akatazama miguu yake.

"Dereva?"

"Wali umeiva, Sista," nikasema.

Alitutazama mmoja mmoja kama tumekula sumu. Akazipekua zile karatasi mbele na nyuma, na hazikuwa na neno. Mimi nilijua shida ni nini, na Hawo alijua, na kuku wa pale walijua. Maneno ya nyumba hayaguswi kabla mkubwa wa nyumba hajayafungua. Kwa Wapokomo ni hivyo, na kwa kina Hawo ni hivyohivyo. Ungeniwekea bunduki kichwani nisingeanza, na Komora ambaye hakumtaka kaka yake ndiye aliyekuwa mgumu kuliko sote. Sista naye alijua desturi hiyo, alikuwa ameshakaa nasi miaka, lakini ule mtandao ulikuwa umempanda kichwani.

Nyuma ya jiko tulisikia shoka. Hiribae alikuwa anapasua kuni. Kuni za nyumba ile zilikuwa zimeshapasuliwa tangu juzi, nilizipanga mimi mwenyewe. Alikuwa anazipasua upya, vipande vidogo vidogo, kila kipande na kikohozi chake.

Tulikaa hivyo mpaka nikahisi kicheko kinanipanda kutoka tumboni, na nikajua kikinitoka nimekwisha. Ndipo Komora akainua kichwa.

"Kaka! Fungua maneno. Sisi tuna kazi."

Shoka likasimama. "Sikualikwa."

"Nakualika ufungue. Kisha unyamaze."

Hiribae akatokea na shoka lake mkononi, akaliegemeza ukutani, akavua kofia. Akasema tuombe. Na hapo ndipo nilipomvulia kofia na mimi, kwa sababu mtu aliyekatazwa kusema mkutanoni alisema yote ndani ya sala. "Bwana, wewe unajua mto uko karibu. Unajua mamba alimchukua mbuzi wa jirani juzi tu. Unajua, Bwana, kamba hii si ya ubaya, na kama kuna mtu hapa anadhani ni ya ubaya, umfumbue macho, hasa kama ametoka Garsen kwa gari." Sista alifumbua jicho moja. Nani angemkatiza mtu anayezungumza na Mungu? Sala ikaingia kwenye mafuriko, ikatoka, ikaingia kwenye bei ya mbegu. Ni Hawo, Mwislamu, aliyetuokoa. Hiribae aliposimama kuvuta pumzi, Hawo akasema "Amin!" kwa nguvu, na sisi wote tukamdakia.

Hiribae akakaa kwenye kizingiti cha jiko, kiti ambacho kilikuwa ndani ya mkutano na nje yake.

"Sikukualika kwa sababu ungenijibia," Komora akamwambia, bila hasira.

Hiribae akaigeuza kofia yake mikononi.

Kisha Komora akamgeukia Sista na kusema anachotaka. Anataka kuamia ndege. Mpunga ulikuwa unaingiza maziwa wakati huo, punje bado laini, na ndege walikuwa wanashuka shambani kwa makundi, na kila familia ilihitaji mtu wa kukaa juu ya dungu, kile kijukwaa cha miti, kutwa nzima akiwafukuza kwa kelele. "Mimi hapa napiga kelele kila siku, mnanikataza," akasema. "Kule nitapiga kelele, mtasema ahsante."

Hawo alijifunika shela usoni na mabega yake yakawa yanaruka. Kile kicheko changu nilichokizuia kikatoka chote kwa mpigo, Sista akadakia, na ajabu, Komora mwenyewe akacheka, kicheko cha chini cha mtu aliyekuwa amesahau njia yake. Hiribae peke yake hakucheka.

"Shamba liko ukingoni mwa mto," akasema. "Watu wale wakikuita?"

"Wataniita. Nitakuwa nimefanya kelele kuliko wao."

Mpango ukapangwa hapo, na wa kweli, si wa karatasi. Hawo akasema njia yake ya asubuhi inapita kando ya shamba lile, atamsalimia Komora kutoka njiani, na asipojibiwa atakwenda kumwita Hiribae kabla ya kuuza hata kikombe kimoja. Mimi nikaahidi kupiga honi kila nikipita barabarani, naye ajibu. Sista akaahidi kupeleka sindano huko huko dunguni. Kila mmoja alikuwa na kazi yake, na Hiribae alikuwa anaitazama mikono yake.

"Na mimi?" akauliza. Sauti yake ilikuwa ndogo, sijawahi kuisikia hivyo.

"Wewe uniletee chakula," Komora akasema. "Na kamba hii unipe. Nitaifunga makopo niyavute ndege wakishuka."

Hiribae akapiga magoti kufungua fundo. Lilikuwa limekauka kwa tope na miezi, vidole vikashindwa, akaling'ata kwa meno kama anayeng'ata muwa. Lilipoachia, alibaki pale chini ameushika mguu wa ndugu yake kwa mikono miwili, na Komora alimwacha aushike. Nilifurahi na nikaogopa kwa pamoja, na sioni haya kusema machozi yalinitoka.

Ah, msimu ule! Ukipita barabara ya Idsowe ulisikia makopo kutoka mbali, na sauti ya Komora ikiwatukana ndege kwa Kipokomo, na katikati ya matusi hayo akiwajibu na wale watu wake wasioonekana, na hakuna aliyejua lipi ni la nani, wala hakuna aliyejali. Nikipiga honi, makopo yananijibu. Sista alinisimamisha kila mara asikilize. Siku ya sindano ya kwanza huko shambani alikataa kupanda dungu, akasema halimwezi. Akakanyaga mpungani, na wewe unajua mpungani kuna nini. Sijaona mwanamke wa kimo kile akipanda ngazi ile kwa kasi ile, na mkoba wa dawa menoni. Komora alimchungulia chini, akamwambia kwa upole, "Sista, chura yule anataka nini? Ulimwuliza?"

Alijivunia Komora kupita kiasi. Alimwambia mganga mkuu, aliwaambia wenye maduka, alimwambia askari wa msafara. Mwaka uliofuata akapewa uhamisho kwenda Hola. Watu walikuwa wanasema kwamba ukiingia mwaka elfu mbili kompyuta zote zitakufa, na kabla hajaondoka alinifanya nimpeleke Malindi kuchapisha kila kitu kilichobaki humo, asije akakikosa. Alipopanda gari la Hola na maboksi yake ya karatasi aliniachia agizo moja, nimwangalie Komora.

Na mimi nilimwangalia. Ndiyo maana nilipotumwa Hola na vifaa vya chanjo, mwisho mwisho wa mwaka huo, njia nzima nilikuwa natunga uongo. Nilitunga mzuri, nikauvunja, nikatunga mwingine. Nilijua nikimwambia ukweli nitamvunja moyo.

Nilimkuta barazani mwa kliniki anawapangia wazima viti. Alikuwa amenona zaidi, kofia yake ilikuwa upande uleule. Alinikumbatia mbele za watu, na kabla hata hatujajuliana hali akauliza, "Komora je?"

Uongo wangu wote ukanitoroka.

"Sista, Komora ameacha."

"Ameacha nini? Dawa?"

"Dawa anapata. Ameacha kuamia. Msimu huu alishuka dunguni asubuhi moja, mpunga uko kwenye maziwa, akasema amechoka na ndege, akaenda zake Garsen."

"Kufanya nini?"

"Kunywa chai."

"Na ndege?"

"Wamekula, Sista. Upande mzima wa mto umebaki majani."

Akakiweka chini kiti alichokuwa amekibeba. "Na Hiribae?" akauliza. "Niambie polepole. Hiribae alifanya nini?"

Nilijua anachokiogopa. Nikamwambia nilivyoona kwa macho yangu, kwa sababu nilikuwa kwenye hoteli hiyohiyo ya chai. Hiribae aliingia mikono mitupu, bila kamba, akasimama mbele ya meza ya Komora, akaanza. Mvivu mkubwa we! Watoto watakula nini? Nimekuaminia shamba, unaliacha kama si lako! Komora naye akasimama, kikombe mkononi. Mvivu nani? Msimu mzima mimi niko juani na wewe uko kivulini, chakula unaleta kimepoa! Hoteli nzima iligeuka. Mwenye hoteli akawaomba watoke nje, wakatoka, wakaendelea nje.

"Alimgombeza?" Sista akauliza.

"Alimgombeza vibaya sana. Mimi niliona aibu."

"Kwa sauti?"

"Mpaka stendi walisikia."

"Na Komora alimjibu?"

"Neno kwa neno."

Sista akaketi kwenye kile kiti. Mabega yakaanza, kisha tumbo, kisha kile kicheko chenyewe, na wagonjwa wa Hola wakaanza kujiinua kutazama. Machozi yalikuwa yanamtiririka na hakuyafuta.

"Dereva," akasema alipopata pumzi, "wewe umewahi kuona mtu anagombana na mwendawazimu?"

Nikafikiri. Komora nilimjua tangu hajaugua. Tangu augue watu walimwombea, walimfunga, walimlisha, walizungumza juu ya kichwa chake, walimpisha njia. Sikukumbuka hata mtu mmoja aliyepoteza muda wake kumwambia kwamba amekosa.

"Sijawahi, Sista."

"Nani alishinda?"

"Sijui," nikamwambia. "Nilipowasha gari kuja huku walikuwa bado hawajamaliza."